Neno "Salama" Silisadiki

Ninyi vijana mnaoanza kazi ya uuguzi, mkija kunisalimu hapa Isevya mnaweza kuniletea sukari au msilete, hiari yenu. Ila nikiwauliza habari za kazi msiniambie "salama" halafu mkategemea tumeishia hapo. Nitawaangalia miguu. Wenzenu waliowatangulia wanalijua hilo, na wengine siku hizi hupitia bombani kunawa kabla ya kunibishia hodi, wakidhani wamenizidi ujanja. Mtu anayenawa miguu ili anidanganye ndiye ninayemkalisha muda mrefu zaidi.

Watu husema nesi Zuhura ana dhana mbaya. Ninayo. Mshahara wa serikali nimeula kwa dhana, na pensheni yangu ni ya dhana hiyo hiyo. Nilimshuku kila aliyeingia mlangoni akitabasamu, nikamshuku kila mwanamke aliyesema ni kichwa tu, na kila mwanamume aliyesema ameletwa na mkewe kwa nguvu. Sikupatia mara zote. Kuna fundi matofali mmoja nilimwona miguu imepasuka na kujaa udongo, nikamkalisha, nikamuuliza juu ya usingizi, ndoa, marehemu wazazi wake, mpaka mwenyewe akaanza kuingiwa na wasiwasi kwamba ana huzuni asiyoijua. Kumbe alikuja kuomba dawa ya minyoo ya mtoto. Aliondoka na dawa, lakini mkewe alinijia kesho yake kuuliza nimemwambia nini mumewe mbona hali ugali.

Aliyenifundisha kushuku ni Mama Fransiska, mkuu wa wodi niliyoanzia kazi hapa mjini. Alikuwa mnene, mpole wa sauti na mkali wa macho. Mimi nilitoka mtaa wa Ng'ambo, humu humu mjini, mtoto wa fundi viatu, nikidhani uuguzi ni sindano na bandeji. Siku moja akaingia mama mtu mzima, nikamwamkia, akaitikia. Habari za nyumbani? Salama. Za watoto? Salama tu, ila mmoja tumemzika jana. Kalamu ilinidondoka. Mama Fransiska alisubiri mpaka yule mama ameondoka, akaniambia, "Salama ni adabu, Zuhura, siyo habari. Habari inakuja baada ya 'ila'. Na wapo wasiofika kwenye 'ila'. Hao ndio wagonjwa wako."

Nikamuuliza nitawajuaje. Akasema niangalie miguu. Mtu aliyeelemewa rohoni huanza kuacha vitu vidogo ambavyo hakuna anayemdai: mafuta ya miguuni, kitana, chumvi kwenye mboga. Uso anauandaa kwa ajili ya watu, miguu anaisahau. Huko chuoni hawakunifundisha hilo, na sijui kama ninyi wamewafundisha.

Basi nikahamishiwa kijijini, upande wa Urambo, katika kijiji kipya cha ujamaa ambacho sitakitaja jina kwa sababu wenyewe wapo na wana masikio. Ilikuwa miaka ile ya watu kuhamishwa kutoka kwenye miji yao ya zamani, yaani kaya moja moja porini, kuja kukaa kwa mistari kando ya barabara. Mume wangu, mfanyakazi wa reli, alikuwa amebaki mjini, kisha akahamia Kigoma, na habari zake nitazipita. Nilipewa zahanati ya chumba kimoja chenye meza, kiti changu, na benchi la wagonjwa pale mlangoni.

Sasa sikilizeni vizuri hali ya kijiji kile, maana bila hiyo hamtaelewa. Mtu aliyezoea jirani wa mbali, ambaye akimwona ni kwa sababu amemwalika, sasa anasikia kikohozi cha jirani ukutani. Anajua wamepika nini. Anajua wamegombana kwa nini. Na jirani naye anajua yake. Kila mtu alianza kujiuliza kwa nini mwenzake ananyamaza, kwa nini anacheka, kwa nini kafunga mlango mchana. Mahindi ya mtu yakinyauka, hakutazama mvua, alitazama nyumba ya pili. Walikuwa wanakuja zahanati na mapigo ya moyo yanayokimbia, na tumbo, na shingo kukakamaa, na nikiwapima sioni malaria. Ile ilikuwa hofu. Hofu haionekani kwenye darubini, lakini inakula mwili kama ugonjwa mwingine wowote, na haponi mtu kwa kuambiwa asiogope.

Balozi wa nyumba kumi za upande wetu aliitwa Shija. Kijana kwa umri wa uongozi, msafi, shati daima limepigwa pasi, na kazi yake ilikuwa kujua kila kitu cha nyumba kumi. Alikuja kwangu kwa tumbo. Nikampa dawa ya tumbo, akarudi. Nikambadilishia, akarudi. Mara ya tatu nikamuuliza usingizi. Akasema usingizi ulimtoka tangu wahame. Nikamuuliza nini kilitokea siku ya kuhama, akaanza kufunga vifungo vya shati ambavyo vilikuwa vimefungwa tayari. Nikamweka akilini.

Wakati huo huo kulikuwa na mwanamke akiitwa Kalunde, mjane, hajafika makamo. Huyu alikuja kwa kichwa. Nikimsalimu, salama. Usingizi, salama. Chakula, salama. Miguu yake ilikuwa imepauka mpaka juu ya vifundo, na kucha zina udongo mwekundu ambao haukuwa wa kijiji chetu. Sisi udongo wetu ulikuwa mchanga mweupe. Nilimpa vidonge vya kichwa, akashukuru, akarudi siku ya pili kwa kichwa kile kile. Siku moja alipoinama kuchukua mzigo wake, pindo la kanga likafunguka na vidonge vyangu vyote vikamwagika sakafuni. Hakuwa amemeza hata kimoja.

Nilifunga mlango. Hapa ndipo vijana wengi mnaogopa, mnadhani ukimuuliza mtu juu ya kufa unamfundisha. Humfundishi. Kama wazo analo, unamtua mzigo. Kama hana, atakushangaa tu na maisha yataendelea. Nikamuuliza waziwazi, "Kalunde, unataka kufa?"

Alifikiri kwanza, na huko kufikiri kulinitisha kuliko jibu. Akasema, "Kufa siyo. Ila sijui mimi niko wapi."

Vidonge nilivichukua. Nikamwambia sitampa tena, lakini aje kila asubuhi aketi kwenye benchi, hata kama haumwi chochote. Akauliza atasema amekuja kwa nini. Nikamwambia aseme nesi ndiye anayemhitaji.

Haukupita muda Shija akaja, safari hii si kwa tumbo. Alikaa wima, akaniambia kuna jambo la usalama wa kijiji. Kalunde, alisema, kila alasiri huchukua ufagio na kwenda porini peke yake, mpaka kwenye mahame, pale walipokuwa wakikaa zamani kabla ya kuhamishwa. Watu wamemfuata kwa mbali. Anafagia uwanja. Sasa kwetu huku, uwanja uliofagiwa maana yake kuna mwenyeji ndani na kuna mgeni anayengojwa. Nyumba imebomolewa, watu wameondoka, yeye anamfagilia nani? Wanawake walikuwa wameshapata jibu: mumewe, marehemu Mihambo, hakufa, mke amemfanya msukule wa kumtumikisha na anamficha kule. Viongozi nao walikuwa na jibu lao: anaandaa mji wa zamani ili arudi na awavute wengine, yaani anakihujumu kijiji. Ufagio mmoja, kesi mbili.

Shija akasema mkutano wa kijiji unakuja na jambo litasemwa. Kama ni mchawi atafukuzwa, na mnajua mwanamke anayefukuzwa kwa neno hilo hupokelewa wapi: hapokelewi popote. Kama ni mhujumu atapelekwa wilayani. Yeye, kwa huruma yake, alitaka nimwandikie kwamba Kalunde ana wazimu, apelekwe mbali, mambo yaishe kimya.

Nilimtazama yule kijana mwenye pasi. Nikajiuliza huruma yake ina nini ndani. Nikamwambia siandiki mpaka nimwone mgonjwa wangu anapougulia.

Kesho yake alasiri nikamwambia Kalunde twende wote. Hakunikatalia wala hakukubali, alichukua ufagio, mimi nikafuata. Njia ilipita katikati ya miombo, udongo ukabadilika, ukawa ule mwekundu wa kwenye kucha zake. Sitawaficha, niliogopa. Mimi ni mtoto wa mjini, na hadithi za misukule nilizisikia sawa na ninyi. Kila mti uliolia kwa upepo niliugeukia.

Mahame yenyewe yalikuwa kuta zilizoanguka, mpapai mwembamba, na kaburi pembeni. Kalunde alifagia uwanja wote, taratibu, kama mtu mwenye wageni. Kisha akatoa mkeka uliokunjwa nyuma ya ukuta, akautandika, akakaa, miguu ameinyoosha mbele, kanga kichwani, kimya.

Hapo nikamjua. Ninyi mmekaa misibani, mnajua wanawake wanavyokaa kwenye matanga. Huyu hakuwa mchawi wala mhujumu. Huyu alikuwa msibani.

Nikavua ndala, nikakaa mkekani kando yake, nikanyoosha miguu yangu. Nikasema, "Pole, Kalunde."

Akasema, "Wewe ndiye wa kwanza kuja."

Ndipo nilipopata habari yenyewe, ile inayokuja baada ya "ila". Mihambo aliugua wakati wa kuhama na akafa. Walimzika asubuhi. Wanawake wakakaa mkekani, na kabla jua halijapinduka lori likafika. Mtu akaja akawaambia wainuke, msiba watamalizia mbele ya safari. Wakainuka. Mbele ya safari kila mtu akapangiwa mstari wake, wengine wakapelekwa kijiji kingine kabisa, na matanga hayakuanuliwa. Hakuna aliyetamka kwamba msiba umekwisha, hakuna mtani aliyekuja kufanya vituko, hakuna aliyemnyoa nywele. Kwa hiyo msiba ulikuwa bado. Alikuwa anatimiza wajibu wake, peke yake, kwa watu wote waliopandishwa lori. Nilipomuuliza ni nani aliyewainua mkekani, akasema, "Shija. Naye alilia."

Nadhani sasa mmeelewa lile tumbo.

Nikapanda lori la tumbaku mpaka Urambo, nikamtafuta Mzee Kondo, Mzaramo aliyestaafu reli akabaki karibu na stesheni akishona viatu. Kwa wale ambao wazazi wenu hawakuwaambia: Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba pembe za ndovu kutoka huku hadi pwani na kulala katika nchi ya hao wenzao. Mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Msibani anaweza kumtukana marehemu, kulala kaburini, kudai mke, na hakuna wa kukasirika. Nilimweleza habari nzima. Akaweka kiatu chini, akasema, "Mlibeba pembe za watu mpaka pwani, mkashindwa kubeba msiba wa mtu mmoja mpaka barabarani?" Kisha akauliza ni lini, na kama kutakuwa na kuku.

Kwa mwenyekiti wa kijiji sikusema mila, nilijua ataniambia tumeacha mambo ya kizamani. Nilisema ni shughuli ya afya. Alinikazia macho akauliza kama hiyo ni dawa au ushirikina. Nikamjibu, "Njoo uone mwenyewe. Ukiona uchawi, nifunge mimi kwanza." Alikuja kule mahame, na alikuja na wajumbe wake, na nyuma yao nusu ya kijiji, wote wakiwa wamekaa mbali na lile kaburi kama ng'ombe wanaonusa chui. Shija alisimama wa mwisho kabisa.

Kalunde alikuwa mkekani. Wanawake hawakumsogelea. Mimi peke yangu nilikaa, na nawaambia kweli, niliona macho yakinihesabu na mimi.

Mzee Kondo akatokea vichakani amevaa gunia na kofia kuukuu, akatembea kwa kuchechemea, mkono kiunoni. Wazee wakashtuka, maana ndivyo Mihambo alivyotembea. Sijui aliuliza kwa nani. Alikwenda moja kwa moja kaburini, akalala chali, akaanza kukoroma. Halafu akapiga kaburi kofi, akasema, "Mihambo, mvivu wewe. Wenzako wako bega kwa bega shamba la kijiji, wewe umelala. Mwenyekiti yule pale, amka akuandike jina."

Mtu mmoja akacheka kwa pua. Mwenyekiti akajikaza, akashindwa. Kondo akainuka, akamwendea Kalunde, akamwambia yeye ndiye mume sasa, alete maji ya kuoga na ugali, na mbona mke mwenyewe kachakaa miguu kama kuku wa kienyeji. Kalunde alikuwa anatazama chini. Kondo akakaa mkekani kwa nguvu, akamlalia begani. Hapo Kalunde akachukua ufagio akamcharaza nao mgongoni, mara ya kwanza kwa hasira, kisha kitu kikamtoka kifuani, kicheko, akacheka hata akashindwa kupumua, na kicheko kikageuka kilio palepale. Alilia kwa sauti ambayo ilikuwa imengoja muda wote ule. Wanawake, mmoja baada ya mwingine, wakaja mkekani, wakanyoosha miguu. Mimi nililia nao na sikujua nalilia nini.

Kondo hakuwa amemaliza. Alinyoosha kidole nyuma ya watu akasema, "Na wewe uliyepakia watu kama mihogo, msiba wa watu ukaufunga kwa turubai, njoo umwombe mwenye mji ruhusa." Shija alikuja, shati lake lile. Alichuchumaa mbele ya Kalunde. Kalunde akamkabidhi ufagio. Akafagia uwanja wote, watu wakimtazama, akafagia na pembeni ya kaburi. Kisha Kalunde akanyolewa, mkeka ukakunjwa, na mtani akatamka kwamba msiba umekwisha, kila mtu kwake, na kuku wake yuko wapi.

Kwenye mkutano wa kijiji jambo la Kalunde halikutajwa. Mwenyekiti alizungumzia samadi.

Msije mkanielewa vibaya mkaenda kutafuta Wazaramo kwa kila mgonjwa. Nimeona watu ambao huzuni yao haikuhitaji kicheko bali dawa na daktari, na niliwapeleka hospitali mjini bila kuchelewa, na wapo niliowachelewea kuwaona. Shija tumbo liliendelea kumsumbua, ingawa alianza kusinzia kwenye vikao, jambo nililoliona ni nafuu. Na kijiji hakikuacha kushukiana. Waliacha kumshuku Kalunde, wakatafuta mwingine. Ninachowaambia ni kwamba kuna kushuku kwa aina mbili: kule kwa Shija kulikokuwa na jibu kabla ya swali, na huku kwetu. Sisi tunashuku ili tuulize, halafu tukae tusikilize hata kama jibu haliji siku hiyo.

Kalunde aliendelea kuja asubuhi. Mara ya kwanza baada ya siku ile nilimuuliza habari, nikangoja "salama" yangu. Akasema, "Leo mbaya, nesi. Jana nilipika nikala, leo nimeamka nimelia." Sikuwahi kufurahi hivyo kusikia neno mbaya. Miguu yake ilikuwa inang'aa mafuta ya karanga.

Kisha akaniuliza, "Na wewe, nesi, habari za kwako?"

Nikasema salama, nikavuta dawa zangu mezani.

Alikuwa ameinamisha kichwa, anaitazama miguu yangu chini ya meza. Nami nikaitazama. Sijui ni tangu lini ilikuwa imepauka vile, pengine tangu yule wangu wa reli ahamie Kigoma.

Kalunde akasogea kwenye benchi, akapiga kiganja mahali palipobaki wazi. "Njoo ukae," akasema.

Nikatoka nyuma ya meza, nikakaa kwenye benchi la wagonjwa.